Gari Kuukuu Lililotunzwa: Bima Ipime Umri au Hali?

Mwenye Peugeot 504 ya mwaka 1980 anapotaka kulikatia gari lake bima kubwa, ile inayolipia pia hasara ya gari lenyewe, jijini Nairobi, swali la kwanza analoulizwa ni la mwaka wa kutengenezwa, na mara nyingi jibu lake ndilo linalofunga mazungumzo. Kampuni nyingi nchini Kenya huweka ukomo wa umri, aghalabu karibu na miaka 15, na gari likishauvuka hubakiwa na bima ya mtu wa tatu pekee, ile inayowalipa wengine waliodhuriwa na gari na inayolazimishwa na Sura ya 405 ya sheria za nchi. Kampuni inayokubali kulichukua humtuma mthamini, na thamani anayorudi nayo mwenye gari huiona ndogo mno. Wanaotoa bima, kwa upande wao, humwona mteja huyo kuwa mtu aliyeruhusu mapenzi yaingie katika hesabu. Naamini lawama hiyo ya mapenzi imewafunika wenye magari haya kupita kiasi, na hoja yao ya kifedha haijasikilizwa inavyostahili.

Hata hivyo, hoja ya kampuni si ya kubeza. Bima ya mali imejengwa juu ya fidia, na tangu hukumu ya Castellain dhidi ya Preston, iliyotolewa Uingereza mwaka 1883, msimamo umekuwa kwamba aliyekatiwa bima arejeshewe alichopoteza, asipate faida juu yake. Alichopoteza hupimwa kwa bei ya soko, na soko la gari la mwaka 1980 ni jembamba: huenda magari matatu tu ya aina hiyo yakauzwa mwaka mzima, kila moja kwa hali yake na bei yake. Ushindi wa 504 katika Safari Rally mwaka 1975 na 1978 humpa mwenye gari fahari ya haki, lakini mkadiriaji wa hasara hawezi kuupigia hesabu. Tena mfuko unaolipa fidia ni wa wateja wote, na gari lililokatiwa bima kwa thamani inayoizidi bei yake humpa mtu asiye mwaminifu sababu ya kutamani liungue. Anayeidhinisha malipo ana wajibu wa kuliwazia hilo.

Tatizo linaanza pale tahadhari hiyo inapogeuzwa kuwa jedwali la uchakavu. Tuchukue gari lililonunuliwa kwa shilingi 3,000,000, likapunguziwa asilimia 15 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Baada ya miaka 10 limebakiwa na takriban asilimia 20 ya bei yake. Baada ya miaka 20, chini ya asilimia 4, yaani kama shilingi 116,000. Kwa miaka ya mwanzo hesabu hiyo haiko mbali na ukweli, kwa sababu gari jipya hupoteza thamani haraka na karibu yote ya aina moja hupoteza kwa kasi inayofanana. Lakini kadiri miaka inavyosonga magari huachana. Moja limeoza, lingine limefungwa injini ya gari jingine, lingine limebaki vile lilivyotoka kiwandani. Ukiliuliza jedwali, magari hayo matatu yana bei moja, ingawa hakuna mnunuzi mwenye akili timamu ambaye angetoa fedha sawa kwa yote.

Tofauti hiyo haihitaji kubahatishwa, kwa kuwa inashikika. Mthamini anayeijua kazi yake hupitisha sumaku chini ya milango na juu ya matao ya magurudumu. Inaponata vizuri pana bati, na inapoteleza pana puti iliyozibia tundu la kutu. Huinua zulia la buti aone sakafu. Hulinganisha nambari ya injini na ile iliyo katika hati ya umiliki, na huuliza gari limelelewa wapi, kwa maana chumvi ya Mombasa hula bati kwa namna ambayo hewa kavu ya Nanyuki haili. Ujuzi wa namna hii haujakosekana nchini. Katika mashindano ya Concours d'Elegance ya Nairobi, waamuzi wamekuwa kwa miongo kadhaa wakiyapa magari alama sehemu kwa sehemu, kuanzia chini ya gari hadi injini, viti na rangi. Kinachokosekana ni utayari wa kuulipia ujuzi huo pale bima inapokatwa, maana ukaguzi mwingi wa bima ni wa haraka na fomu yake ni ileile kwa gari la miaka 3 na la miaka 40.

Kuna pia suala la mbadala. Kiwango cha kitaifa cha ukaguzi wa magari, KS 1515, hakiruhusu gari la mtumba kuingizwa Kenya likiwa limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Sina ugomvi na lengo la kiwango hicho, lakini athari yake ni kwamba mtu aliyepoteza gari zuri la zamani hawezi tu kuagiza lingine kutoka Uingereza au Japani. Lazima atafute miongoni mwa yale machache yaliyosalia nchini. Fidia isiyozingatia uhaba huo hamrudishi mtu alipokuwa, nayo hukumu ya 1883 ilikusudia arudishwe.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya jambo moja ambalo nadhani halijadiliwi vya kutosha: thamani ndogo haipunguzi fidia tu, bali hulipeleka gari lenyewe kwenye vyuma chakavu. Bima nyingi huhesabu gari kuwa hasara kamili pale gharama ya matengenezo inapovuka sehemu fulani ya thamani iliyoandikwa, mara nyingi nusu. Tuseme ile 504 imeandikwa shilingi 300,000, ikagongwa mbele kushoto kwenye foleni. Madigadi limekunjwa, taa imevunjika, rejeta imetoboka, na fundi wa bodi anataka shilingi 170,000 kwa kazi yote pamoja na rangi. Hakuna aliyeumia, chasisi haijaguswa, na baada ya majuma machache gereji gari lingekuwa barabarani. Lakini 170,000 ni zaidi ya nusu ya 300,000, basi gari linatangazwa hasara kamili. Mwenye gari analipwa 300,000 ukitoa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba humtaka aibebe mwenyewe, mabaki yanakuwa mali ya kampuni, na gari lililotunzwa kwa miaka 40 linauzwa kwa mtu anayetaka milango na vioo tu.

Sasa tuandike thamani ya gari hilohilo kuwa shilingi 900,000, ambazo kwa mfano wetu ndizo bei ambayo mpenzi wa magari hayo angelipa. Pigo ni lile, fundi ni yule, gharama ni ileile 170,000, lakini sasa haifiki hata sehemu ya tano ya thamani. Gari linatengenezwa. Na hapa ndipo ninapowasihi wenye kampuni watulie na kalamu: katika hesabu ya kwanza kampuni imelipa karibu 300,000, na hata ikiuza mabaki kwa 80,000 imetokwa na takriban 220,000, ilhali katika hesabu ya pili imelipa pungufu ya 170,000. Ada nayo, tukiikadiria kwa asilimia 4, ingepanda kutoka shilingi 12,000 hadi 36,000 kwa mwaka. Ni kweli kwamba gari likiibwa au likiteketea kabisa kampuni italipa 900,000, na hatari hiyo ndiyo inayopaswa kupangiwa masharti: kifaa cha kulifuatilia gari, mahali salama pa kulilaza, ukomo wa kilomita kwa mwaka. Kwa ajali za kawaida za mjini, hata hivyo, thamani ndogo haimkingi yeyote.

Njia ya kufikia thamani iliyo sahihi si ngeni. Nchini Uingereza magari ya namna hii hukatiwa bima kwa thamani ya makubaliano: pande mbili hukubaliana kiasi kabla ya hasara, kwa kutumia ripoti ya mtaalamu, picha na stakabadhi. Hata bandari ya Mombasa inaifahamu njia hiyo, kwa kuwa katika bima ya baharini thamani iliyotajwa ndani ya mkataba huzifunga pande zote mbili isipokuwa pakiwa na ulaghai. Wanaoipinga wana mfano mzito mkononi. Katika kesi ya Elcock dhidi ya Thomson, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1949, jumba lililokuwa na thamani halisi ya pauni 18,000 lilikuwa limekatiwa bima kwa makubaliano ya pauni 106,850. Moto ulipolipunguza sehemu ya thamani yake, mahakama ilipima fidia kwa kuchukua sehemu hiyohiyo ya kiasi kile kikubwa. Kwangu mfano huo unathibitisha haja ya ukaguzi wa kweli na wa kurudiwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili, wala sioni unavyohalalisha kukataa makubaliano yenyewe.

Wenye magari nao hawana budi kuacha tabia moja inayoidhoofisha hoja yao, ya kutaja thamani ndogo siku ya kulipa ada na kubwa siku ya kudai. Bima nyingi zina kipengele cha uwiano: gari la 900,000 lililokatiwa bima kwa 450,000 likipata hasara ya 200,000, mwenyewe hulipwa 100,000, na hapo kampuni haijamdhulumu.

Ninaowafikiria zaidi, hata hivyo, si wenye 504 zinazong'arishwa kwa maonyesho. Ni mwalimu au muuguzi mwenye Toyota Corolla ya mwaka 1998 iliyofanyiwa huduma kwa wakati miaka yote, gari ambalo hakuna klabu itakayolitetea na ambalo gharama ya ripoti ya mtaalamu ingemeza ada yenyewe. Kwake yeye thamani ya makubaliano huenda ikabaki mbali. Lakini kuna kipengele kimoja kisichoigharimu kampuni karibu chochote, ambacho anaweza kukidai kiandikwe kabla hajatia saini: kwamba gari likitangazwa hasara kamili, yeye ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya kuyachukua mabaki, kwa bei itakayokatwa kwenye fidia yake, ili aamue mwenyewe kama litatengenezwa.