Anayeswali kwenye kiti, bado akimbie?

Huku Malindi, mzee akianza kuswali kwenye kiti, habari hufika barazani kabla yeye hajavaa viatu. Akiwa ni yule anayekimbia ufuoni Silversands kila alfajiri, hukumu ni ya papo hapo: magoti kayamaliza mwenyewe, aache mbio.

Hofu hiyo ina msingi. Umri ukipita miaka 50 misuli ya mapaja hupungua, ukano wa kisigino hukakamaa, na jeraha la wiki moja ujanani huchukua miezi. Aliyeumia goti vibaya enzi za mpira, au aliyenenepa sana, ana haki ya kuogopa zaidi.

Ila kusema mbio ndizo zinazokula gegedu, ule utando unaozuia mifupa ya goti isisagane, ni jambo jingine. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2017 ulikuta yabisi ya goti au nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujiburudisha, na asilimia 10.2 ya wasiokimbia. Walioumia zaidi ni wakimbiaji wa mashindano, asilimia 13.3. Takwimu hizi nazo nazipokea kwa tahadhari, maana waliozidiwa na maumivu huenda walishaacha mbio, wakabaki waliojaliwa magoti mema. Hata kiti cha msikitini si ushahidi kamili: sijda na tahiyatu hulikunja goti hadi mwisho, mbio za polepole hazilikunji hivyo.

Kwangu mimi swali ni wapi na vipi. Ufuo una mteremko. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa mnamo saa kumi alfajiri, kwa hiyo anayetoka msikitini na kuanza kukimbia hukuta maji yangali juu, pamebaki ukanda mwembamba ulioinama. Mguu wa upande wa bahari hukanyaga chini, nyonga hupinda. Akirudi kwa njia ile ile angalau miguu hubadilishana zamu. Akirudi kwa lami, mguu mmoja ndio umebeba adha yote. Akipanda kwenye mchanga mkavu, kisigino hulia. Mchanga mgumu ulio sawa hutokea karibu saa nne, na jua la saa nne wakati wa kaskazi tunalijua. Siku hizo afadhali barabara ya udongo, mwendo mfupi, au atembee tu.

Kupumzika kabisa nako kuna gharama: misuli inayolishika goti hulegea. Kuinua visigino taratibu kwenye ngazi ya mlango, mara chache kwa wiki, nako huusaidia ukano wa kisigino kuliko kukandwa pekee.

Nisichokitetea ni kidonge cha diclofenac kabla ya kukimbia, kinachonunuliwa dukani kama peremende. Huzima maumivu ambayo yangemwambia asimame, na kwa mwili uliokaukiwa maji, tena wa mwenye presha, figo ndizo hulipa. Maumivu madogo yanayoisha kufikia kesho yake asubuhi yanavumilika. Apunguze tu masafa. Goti likivimba, likikwama, au likimfanya achechemee, mbio zisimame na aende akapimwe.