Makro zenu hazitufikii

Jamani, mnaotengeneza makro za Excel, vile vijiprogramu vya kufanya kazi zinazojirudia, acheni kututumia faili la .xlsx halafu mnatuambia "bonyeza kile kitufe". Kitufe kipi? Faili la aina hiyo halibebi makro hata moja, linalobeba ni .xlsm. Na zile mlizohifadhi kwenye PERSONAL.XLSB, faili la makro la mtu binafsi, zinabaki kwenye kompyuta zenu, sisi tunabaki kushangaa. Tena tangu 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yanayotoka kwenye intaneti, mpaka mtu aingie kwenye sifa za faili aondoe kizuizi. Nani alituelekeza? Mwisho wa mwezi, watu wanasubiri mishahara, mhasibu anakodolea macho onyo jekundu! Tengenezeni nyongeza ya Excel yenye makro (.xlam), iwekeni kwenye folda ya pamoja, mtuandikie namna ya kuiwasha. Hilo tu tunaomba.