Bitana ya fedha na viazi vilivyooza

Machi mwaka jana, shamba langu la viazi kule milima ya Uporoto lilipigwa na ugonjwa wa ukungu. Majani yalibabuka utadhani yamemwagiwa maji ya moto. Ukichimbua, kiazi kinakupasukia mkononi, na ile harufu unalala nayo. Nikiwa hapohapo tutani, ukaingia ujumbe wa binamu yangu aliyeko Dar: "Kila wingu lina bitana ya fedha." Yaani, kila baya lina zuri lake. Bila hata pole.

Nilicheka kwa hasira. Mawingu ndiyo yaliyoniozeshea viazi!

Sina ugomvi na Waingereza. Msemo wao una asili nzuri: mshairi John Milton, mwaka 1634, alimweka binti aliyepotea msituni usiku, naye akaona wingu jeusi likigeuza bitana yake ya fedha. Lakini angalia anayesema ni nani. Ni aliyepotea mwenyewe, hakutumiwa na mtu aliyejilaza kwenye kochi.

Ule wa limau ndiyo usiseme. Eti maisha yakikupa malimau, kamua juisi. Mbeya hii, Juni baridi inakata masikio, limau la kutia kwenye chai ya tangawizi tunalinunua. Atakayenipa bure nitamshukuru.

Wa mwanga mwishoni mwa handaki naukubali, kwa sharti moja: usemwe na aliyepanda treni ya TAZARA kati ya Mlimba na Makambako. Huyo anajua. Unatoka gizani, unaona korongo kule chini, hujamaliza kushangaa, handaki jingine hilo.

Jioni ile alikuja mama jirani, mtu mzima. Alisimama ukingoni mwa shamba akatazama, akasema, "Pole, mwanangu. Pole sana." Kisha akachuchumaa, tukachambua wote, vizima huku, vibovu kule, mpaka giza likaingia. Mambo ya kesho hakuyagusa. Pole haiahidi kitu, na nadhani ndiyo maana inaingia. "Kaza moyo" aliitoa siku ya nne, alipokuja na debe mbili za mbegu: "Utanirudishia ukivuna. Haya, kaza moyo."

Binamu nilimjibu asante. Halafu nikamwomba hela ya dawa ya ukungu. Tiki mbili za bluu ninazo mpaka leo.