Kambare Kuwa Hai Si Ushahidi wa Maji Salama

Kila yanapozungumzwa maji machafu yanayoingia mabondeni hapa Unguja, hakosi mtu wa kuuliza, "Mbona kambare wamo tele?" Nimelisikia swali hili barazani, nimelisikia mbele ya sheha, na kila mara watu hutikisa vichwa kukubali na mazungumzo yakaishia hapo. Linaniumiza, kwa sababu kambare ndiye samaki wa mwisho wa kumtolea ushahidi.

Kambare ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa kama sisi. Maji yakikosa oksijeni hupanda juu, akameza hewa, akashuka zake. Perege hana kiungo hicho, na vidagaa vya mtoni ndiyo kabisa. Ukimkuta kambare peke yake, uliza wenzake wamekwenda wapi.

Nenda saa kumi na moja alfajiri kwenye dimbwi linalopokea maji ya vyoo na ya kufulia. Utawaona perege wako juu juu, midomo wazi, wanahema. Bakteria wanaoozesha kinyesi na makombo hutumia oksijeni ileile ya samaki. Juu ya hayo, uchafu huo ni mbolea: mwani mdogo mdogo, si ule wa baharini, hustawi, maji yakawa kijani. Mchana mwani hutoa oksijeni, lakini usiku nao huitumia, kwa hiyo hali huwa mbaya zaidi kabla ya jua kuchomoza. Anayekuja kupima saa sita mchana ataandika kwamba maji ni mazima, na hatakuwa amesema uongo.

Kuna na amonia, sumu inayotokana na mkojo na uchafu unaooza. Samaki huitoa mwilini kupitia matamvua. Ikijaa kwenye maji inashindwa kutoka, na matamvua yanavimba. Maji yanavyokuwa ya moto ndivyo sumu yake inavyozidi, na maji yetu hayapoi mwaka mzima. Sabuni nayo huondoa ute unaomkinga samaki, vidonda vikapata njia. Si lazima afe leo. Hakui, hatagi, anakonda.

Hata dawa tunazomeza huishia majini. Kanada, kati ya 2001 na 2003, watafiti walitia ziwani homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, kiasi cha nanogramu (sehemu za bilioni za gramu) 5 hadi 6 tu kwa lita. Samaki madume wakaanza kutengeneza protini ya mayai, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka ziwani humo. Ziwa lilikuwa safi kwa macho.

Kisiwa chetu kwa sehemu kubwa ni mawe ya chokaa yenye matundu, na maji tunayokunywa mengi yanatoka chini ya mawe hayo. Kinachomwagwa bondeni kinashuka. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba habari ya perege ni ya watoto wenye ndoana, eti sisi samaki wetu wako baharini.

Oksijeni ipimwe alfajiri. Magari ya kunyonya makaro yafuatwe hadi yanapomwaga. Na anayejenga nyumba ya kupangisha asipewe kibali mpaka aonyeshe karo lake liko wapi na maji yake yanaelekea wapi. Bondeni lisiwe jibu linalokubaliwa.