Dai la Geji 18

Mimi ndiye injinia wa karakana, maana yake ndiye pekee mwenye kompyuta isiyo na vumbi la msasa. Kazi yangu ni kuigiza ukunjaji wa bati kwenye programu kabla chuma hakijakatwa, ili tusiharibu mali. Hayo ya mwisho yashike vizuri.

Tulipata oda ya breketi za aina 12. Kila moja ilitaka panchi yake, yaani chuma kinachoshuka kusukuma bati, na dai lake, yaani lile pande la chuma lenye mfereji wa V ambamo bati husukumwa likajikunja. Kuchora moja kwa mkono ni nusu siku. Nikajisemea, msomi hachori mara 12. Nikakesha nikiandika skripti ya Python: isome jedwali, ichukue unene wa bati, izidishe kwa 8 ipate upana wa mfereji (ndiyo kanuni ya wakunjaji), ijenge umbo, iviringe kona, iendeshe jaribio, iniandikie ripoti. Mimi ninywe chai.

Jedwali alilijaza mzee wetu wa mashine. Kwenye unene akaandika 18.

Sasa, 18 ya mzee ni geji, namba ya kupimia unene wa bati. Hapa Dar nenda Gerezani ukaombe bati la milimita 1.2 uone utakavyotazamwa. Unaomba geji 18, basi. Na geji ni mambo ya kinyumenyume: namba ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba. Skripti yangu haikufundwa hayo. Iliona 18, ikaamini ni milimita, ikazidisha kwa 8. Mfereji uliopaswa kuwa na upana wa milimita 10 hivi ukawa wa 144. Bati lenyewe lina upana wa milimita 60.

Utasema jaribio lingenishtua. Lilinishtua kwa uzuri! Hakuna ufa, hakuna mkunyanzi, kijani kitupu. Lazima: panchi ilishuka, bati likatumbukia shimoni kama barua kwenye sanduku la posta, wala halikupinda hata nywele. Picha sikuzifungua. Nilisoma ripoti tu, "Hitilafu: 0", nikaipeleka kwa bosi nikapongezwa mbele za watu.

Kijana wa kuchonga, mtiifu kupita kiasi, akafuata mchoro siku mbili. Dai likaletwa na wanaume wawili wakihema. Mzee akalizunguka mara moja.

"Injinia."

"Naam, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hili tunakunjia bati au tunalishia ng'ombe?"

Akachukua kipande cha bati, akakipeleka juu ya mfereji, akakiachia. Tiiing. Akakitoa, akakiachia tena. Tiiing. Watu wakazima mashine ili wasikie vizuri.

Siku hizi skripti inauliza kwanza: "Geji au milimita?" Dai halikutupwa. Mzee ameliweka chini ya mwembe, na chupa yake ya chai inalala ndani ya ule mfereji bila kutikisika, kama vile vilipimwa pamoja. Ubavuni kaandika kwa chaki: GEJI 18. Kila saa nne nikipita hapo ananikaribisha kwa heshima zote, kijiko mkononi.

"Karibu chai, injinia. Sukari nikutilie geji ngapi?"