Pikipiki Iliyokwenda Mbele kwa Nyuma

Mjomba wangu aliponunua pikipiki ya Kiingereza, BSA Bantam D1, iliyokuwa imelala ghalani katika shamba moja la mkonge nje ya mji wa Tanga, alinisimulia asili yake kwa makini, kama mzee anayeeleza nasaba ya mchumba: kwamba mchoro wa injini ulikuwa wa Wajerumani, wa pikipiki ya DKW RT125, kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia Waingereza waliuchukua kuwa sehemu ya fidia, wakaupindua, cha kulia kikawa kushoto, gia ikahamia mguu wa kulia, na mwaka 1948 wakaanza kuiuza. Kwa maoni yangu, chombo kilichokwisha kupinduliwa mara moja si cha kuaminiwa sana.

Kutu tulikwisha kuiondoa, na tangi lilikwisha kupakwa rangi. Ilibaki timingi, yaani kupanga wakati wa cheche. Katika injini hii, platini, vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme, zinatakiwa zianze kuachana wakati pistoni imebakiza inchi 5/32, yaani karibu milimita 4, kufika juu kabisa, kwa kuwa hapo ndipo cheche inapotoka kwenye plagi. Tulifungua kichwa cha silinda ili pistoni ionekane, tukabana karatasi ya sigara kati ya platini. Pale inapolegea na kuteleza, ndipo zinapoachana. Lililobaki lilikuwa kupima, na kipimo chetu kilikuwa rula ya mbao yenye mistari ya sehemu ya kumi na sita ya inchi. Nilimweleza mjomba kwamba kwa rula ile tulihitaji mistari miwili na nusu. Akanijibu kwamba katika miaka yake yote ya ukarani hakupata kuona nusu mstari katika hesabu ya watu wenye heshima zao, kwamba kitabu kimeandika tano, na tano ni tano. Akahesabu mistari mitano, akalegeza skrubu za bamba la magneto, lile linaloshika platini, akalizungusha mpaka karatasi ikateleza, akakaza.

Sharti niseme kwamba katika suala la usalama mjomba hakuwa na mzaha. Kabla ya kuiwasha aliamuru uwanja wote wa mbele ya pikipiki uwe wazi. Watoto walihamishiwa nyuma. Mbuzi akafunguliwa, akafungwa nyuma. Sufuria la pilau, ambalo mkazamjomba alikuwa ameliepua likisubiri wageni wa hitima, lilibebwa na watu wawili na kuwekwa nyuma. Mjumbe wa nyumba kumi, aliyekuja kuuliza habari za kelele, alipewa kiti cha heshima nyuma kabisa, mahali ambapo, kwa maneno ya mjomba mwenyewe, hapawezi kufika hatari ya aina yoyote.

Kiki ya kwanza ilimrudisha mguu kwa nguvu hata kiatu kikamtoka. Mjomba alifurahi, akasema hiyo ni dalili ya injini yenye afya. Akapiga tena, safari hii kivivu kidogo kwa kuwa nyayo ilikuwa ikimuuma, na injini ikawaka, ikanguruma vizuri, moshi wa buluu ukapanda. Akabana klachi, akaingiza gia ya kwanza, akatupungia mkono, akaachia klachi.

Pikipiki ikaondoka kinyumenyume.

"Baba Salma, mbona unarudi?" mkazamjomba akauliza.

"Sirudi, naenda!" mjomba akajibu, macho yake yakiwa bado yameelekea barabarani. Na kwa kuwa dawa aliyoijua ya chombo kisichokwenda mbele ilikuwa moja tu, akaongeza moto.

Watoto walikimbia na mbuzi akakata kamba. Pilau halikuwa na miguu. Gurudumu la nyuma lilipanda kwenye sufuria, likateleza juu ya nyama, likaendelea na safari mpaka kwenye kiti cha mjumbe, ambacho kwa bahati njema mwenyewe alikuwa amekwisha kukiacha na sasa alikuwa juu ya mpera. Injini ilizima ukutani. Hakuna aliyeumia, ila mjomba alikuwa na bizari hadi kwenye nyusi.

Fundi mmoja wa jirani alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatueleza. Injini hii ya mipigo miwili haina vali. Matundu ya hewa na ya moshi hufunguliwa na pistoni yenyewe inapopanda na kushuka, na pistoni haijui shafti inazunguka upande gani. Cheche ikiwahi mno, mlipuko huikuta pistoni bado njiani, huirudisha ilikotoka, na injini hukubali kuzunguka kinyume bila kinyongo.

Mjumbe alishuka, akafungua daftari lake, akakwama kwenye mwelekeo wa chombo. Baada ya mabishano marefu na mjomba, aliyekataa katakata neno "kurudi nyuma" lisiandikwe, waliafikiana kwamba pikipiki "ilikuwa ikienda mbele kwa upande wa nyuma".

Kipimo cha milimita tulikiazima kwa sonara. Tulipomaliza, mjomba alitoka nje tayari kuijaribu, akakuta uwanja mtupu, mbele na nyuma: watu wote walikuwa wamejifungia ndani, pamoja na mbuzi.

"Sasa imeshatengemaa," akaita kwa uchungu, "mnajificha nini?"

"Tunasubiri ituambie yenyewe inakwenda wapi," mkazamjomba akajibu dirishani.