Pwani zote si moja

Makala yenu inasema bahari za pwani "hunyonya hewa ya ukaa", kana kwamba pwani zote ni moja. Hapana. Midomo mingi ya mito huitoa gesi hiyo kwenda angani, kwa kuwa mto huleta mabaki ya mimea yanayoozea humo. Maji ya mbele zaidi, juu ya rafu ya bara (ukingo wa bara uliozama chini ya bahari isiyo na kina kirefu), ndiyo kwa jumla huimeza.

Hesabu ya kiasi cha gesi kinachoingia au kutoka majini si ngumu: tofauti ya kanieneo ya gesi kati ya maji na hewa, mara uwezo wa maji kuyeyusha gesi, mara kasi ya gesi kuvuka uso wa maji. Hiyo kasi ndiyo kizaazaa. Modeli nyingi, yaani programu za kompyuta zinazoiga bahari, hufuata fomula ya mwanasayansi wa bahari Wanninkhof ya 1992 (aliirekebisha 2014), yaani mraba wa kasi ya upepo: upepo ukiwa maradufu, kasi ya gesi ni mara nne. Kwa bahari kuu, sawa. Pwani, kupwa na kujaa huyatibua maji hata upepo ukilala, na utando wa mafuta ya viumbe hutuliza viwimbi.

Halafu modeli ya dunia inayoigawa ramani katika miraba ya kilomita 100 kila upande huufunika mdomo mzima wa mto ndani ya mraba mmoja. Ramani mliyoweka kwenye makala ina miraba ya ukubwa gani?